Kulinganisha si kushindanisha: Nabii Yunus kwenye baraza za Bagamoyo

Mtu wa Bagamoyo anayetaka kulinganisha Biblia na Kurani ningemshauri aanze na Nabii Yunus, ambaye Wakristo na Wayahudi humwita Yona. Asianze na Isa bin Mariamu, maana hapo kila mmoja ameshakuja na jibu lake kutoka nyumbani. Asianze na Yusufu pia, ijapokuwa sura ya 12 ya Kurani yenyewe inaiita habari yake simulizi nzuri kuliko zote. Upande mmoja ni aya 111, upande wa pili ni sura 13 za Mwanzo, na baraza litavunjika kabla kijana hajatolewa kisimani. Yunus habari zake ni fupi. Kitabu chote cha Yona kina sura 4 na mistari 48. Ukikisoma kwa sauti ya kawaida, bila haraka, hakimalizi robo saa. Kwenye Kurani ni aya 18 tu, zilizotawanyika mahali 6. Usiku mmoja baada ya Isha unatosha kuvisoma vyote, neno kwa neno, na bado mkapata muda wa kuulizana.

Tena ni habari ya bahari, na hapa watu wanaijua bahari.

Bagamoyo haihitaji kufundishwa kwamba dini hizi zinaishi jirani. Kusini mwa mji kuna Kaole na magofu ya msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13. Kaskazini kuna Misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika mwaka 1868. Katikati ni mji wa tarika ya Kadiria, mji wa Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931 na ambaye maulidi yake hujaza watu kutoka pwani nzima. Zipo nyumba ambamo shangazi anavaa rozari na mjomba anashika tasbihi. Kwa hiyo kulinganisha kunafanyika kila siku, iwe msibani, harusini au kwenye mkeka wa kahawa. Swali ni kunafanyikaje.

Kwa bahati mbaya, namna tuliyoizoea ni ile ya mihadhara iliyoshika kasi miaka ya 1980 na 1990: meza mbili, kipaza sauti, na vitabu viwili vilivyojaa vipande vya karatasi kwenye kurasa zilizokusudiwa kumbana mwenzako. Kazi ya mhadhara ilikuwa kupata mshindi. Na tusijidanganye kwamba ugonjwa huo ulianza majukwaani. Tafsiri zetu zenyewe zimezaliwa katika ubishi. Kurani nzima kwa Kiswahili ilitolewa kwanza mwaka 1923 na kasisi Mwanglikana, Godfrey Dale, aliyetaka wahubiri wenzake wajue wanachokipinga. Ikafuata ya Waahmadiya mwaka 1953, yenye maelezo ya kuwajibu wamishonari. Ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy ikakamilika mwaka 1969, ikiwajibu Waahmadiya. Ni kazi kubwa zote, na Kiswahili kina deni kwao. Lakini anayefungua maelezo ya chini ya ukurasa ajue kwamba mara nyingi anasikia upande mmoja wa mabishano, na asiyachukue maelezo hayo kama aya.

Kulinganisha ni kuviweka vitu sawia ili vionekane. Mwenye kupima mbao huziweka sambamba, ncha kwa ncha, kabla hajasema ipi ndefu. Katika habari za manabii ncha hizo ni nini? Ni mwanzo na mwisho wa habari katika kila kitabu, kama kitabu chenyewe kinavyoisimulia. Anayenyofoa mstari mmoja hapa na aya moja pale hajaweka mbao sambamba. Ameshika vipande viwili vya mbao na kuvigonganisha.

Kazi ya kwanza basi ni kukusanya, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea mapema. Ukiandika jina "Yunus" kwenye programu ya Kurani ya simu, utapata mahali 4: 4:163, 6:86, 10:98 na 37:139. Utakosa mahali 2, na hapo mojawapo ndipo ilipo dua yake. Katika 21:87 anaitwa Dhun-Nun, mwenye samaki. Katika 68:48 anaitwa sahibu wa samaki. Kwa upande mwingine, sura ya 10 yote ina jina lake lakini katika aya zake 109 ni aya moja tu, ya 98, inayowataja watu wake. Nimeona hoja nzito zikijengwa na mtu aliyesoma sura ya 10 akasema "Kurani haina habari ya samaki". Mfululizo mrefu kuliko yote wa aya zake uko 37:139 hadi 148. Hizo ndizo uti wa mgongo, nyingine huzitegemeza.

Kwenye Biblia, kitabu cha Yona peke yake hakitoshi. Kuna 2 Wafalme 14:25, inayomtaja Yona mwana wa Amitai wa Gath-heferi katika zama za mfalme Yeroboamu wa pili. Ndipo jina la Kiarabu, Yunus bin Matta, linapopata ndugu yake. Kuna Mathayo 12:38 hadi 41, Mathayo 16:4, na Luka 11:29 hadi 32. Linganisha pia Mathayo na Luka wenyewe: Mathayo anataja siku tatu katika tumbo la samaki, Luka hazitaji, anaishia kwamba Yona alikuwa ishara kwa watu wa Ninawi, mji aliotumwa kuuhubiria.

Kuna mtego wa namba pia. Katika Biblia zetu za Kiswahili mstari wa samaki kumeza ni 1:17. Katika Kiebrania mstari huohuo ni 2:1, na sura ya pili nzima inasogea hatua moja. Anayetumia kitabu cha Kiyahudi akisema "soma 2:3" na mwenzake ana Biblia Muungano ya 1952, watasoma mistari miwili tofauti kisha kila mmoja atadhani mwenzake anaficha jambo. Jawabu ni rahisi: tajeni namba, kisha someni maneno ya kwanza ya mstari kabla ya kuendelea.

Jambo jingine dogo lenye uzito barazani: mwenye kusoma upande wa Biblia aseme "Nabii Yona". Mkristo hajazoea kulitanguliza neno hilo, lakini halimkoseshi chochote, na masikio ya Mwislamu yanatulia. Mwislamu naye asimwite mwenzake "mwenye kitabu kilichochakachuliwa" kabla ya kukisoma. Atakuwa na nafasi ya kusema itikadi yake baadaye.

Sasa tuingie chomboni. Kurani inasema Yunus alikimbilia "al-fulk al-mashhun", na msomaji wa pwani hana haja ya kamusi, maana neno letu kusheheni ni la shina hilohilo: jahazi iliyosheheni. Kisha ni kura, akawa miongoni mwa walioshindwa, kisha ni samaki. Aya tatu, bahari imekwisha. Mabaharia hawana majina wala maneno.

Kitabu cha Yona kinakaa ndani ya chombo hicho muda mrefu, na ni mahali ninapopapenda kuliko pote. Yona anashuka Yafa, anapata merikebu iendayo Tarshishi, analipa nauli, anashuka chini ya chombo na kulala usingizi mzito. Tufani inapiga. Mabaharia kila mmoja anamlilia mungu wake, kisha wanatosa shehena baharini. Anayejua maana ya kutosa mali ya watu ataelewa wamefikia wapi. Nahodha anamwamsha abiria: unalalaje? Kura inamwangukia. Yeye mwenyewe anawaambia, nitupeni. Na hapo, katika 1:13, jambo la ajabu: hawamtupi. Wanavuta makasia kwa nguvu wajaribu kurudi pwani, watu wasiomjua Mungu wa Yona, waliokwisha kupoteza shehena yao kwa ajili yake, na mpaka bahari inapozidi kuchafuka ndipo wanaomba wasihesabiwe damu isiyo na hatia. Kitabu cha Kiyahudi kimewaandika wapagani hao kuwa watu wenye huruma kuliko nabii anayelala chini. Anayesema kwamba Wayahudi walijiandikia vitabu vya kujisifu hajasoma sura hii.

Kwa nini Kurani inawapita mabaharia? Wanaoshindanisha watajibu haraka: mmoja kasahau, au mwingine kaongeza. Mwenye kulinganisha ataangalia kila habari inaelekea wapi. Sura ya 37 inapita kwa Nuhu, Ibrahimu, Musa na Haruni, Ilyasi, Luti, kisha Yunus, na kila mara jicho liko kwa mjumbe na jinsi Mola alivyomwokoa. Kitabu cha Yona jicho lake liko kwa wale ambao mjumbe hakutaka waokolewe: mabaharia mwanzoni, watu wa Ninawi mwishoni. Ukilijua hilo, kuwepo au kutokuwepo kwa mabaharia kunaeleweka bila kumtukana mtu.

Kiini cha tofauti kiko kwenye hasira. Ninaomba msomaji akitazame kwa makini, maana sijaona mhadhara mmoja uliokigusa.

Katika Biblia Yona anatumwa, anakimbia, anamezwa, anatapikwa, anatumwa tena, anahubiri, mji unatubu, Mungu anaghairi. Ndipo, katika 4:1, anakasirika. Anakasirikia msamaha. Na hapo ndipo anapotoa sababu ya kukimbia kwake mwanzo: alijua kwamba Mungu ni mwenye neema, mwingi wa huruma, si mwepesi wa hasira. Maneno hayo yametoka Kutoka 34:6, ambako Musa anatangaziwa sifa za Mungu, lakini pale Kutoka panaposema Mungu ni mwingi wa rehema na kweli, Yona anaiondoa "kweli" na kuweka "waghairi mabaya". Naye ni mwana wa Amitai, jina linalotokana na neno lilelile la Kiebrania la kweli. Ni kama mtu anayemlalamikia Mungu kwamba ameacha haki kwa ajili ya huruma. Walimu wa kale wa Kiyahudi hawakumfunika: walisema Yona aliitafuta heshima ya mwana, yaani Israeli, akaiacha heshima ya Baba, kwa sababu aliona mataifa wakitubu haraka Israeli itaaibika.

Katika Kurani hasira inakuja kabla ya samaki. 21:87: "alipoondoka hali ameghadhibika." Baada ya samaki hakuna hasira tena. Kuna mgonjwa aliyetupwa ufukweni, mti wa kumfunika, watu laki moja au zaidi, wakaamini. Hapa hasira ndiyo kosa lililomwingiza gizani, na msamaha ndio uliomtoa. Kule, giza linapita na hasira bado ipo.

Ukiisogeza hasira kutoka upande mmoja wa samaki kwenda upande wa pili, habari nzima inabadilika kazi. Ya Biblia inabaki kuwa swali: mpaka wa huruma ni upi, na wewe uliyesamehewa unaweza kuvumilia msamaha wa adui yako? Ya Kurani inakuwa mfano wa aliyeteleza akarudi, na ndiyo maana Mtume Muhammad, katika siku ngumu za Makka, anaambiwa katika 68:48 asubiri hukumu ya Mola wake na asiwe kama sahibu wa samaki. Anayechukua Yona wa sura ya 4, aliyenuna chini ya kibanda, akamtumia kuwaambia Waislamu "tazameni nabii wenu", anapiga mtu asiyekuwepo. Na anayechukua Yunus aliyetulia akamtumia kuwaambia Wakristo "ninyi mmemdhalilisha nabii", hajaona kwamba kitabu cha Yona kimemwonyesha nabii hivyo makusudi, ili msomaji ajione.

Aya hiyo ya 21:87 ina tatizo la tafsiri ambalo limezaa ugomvi mwingi. Inaendelea kusema Yunus alidhani "an lan naqdira alayhi". Ukitafsiri "hatutakuwa na uwezo juu yake", umemfanya nabii asiyemjua Mungu, na mhubiri wa upande wa pili atashangilia. Lakini shina hilohilo limetumika katika 65:7 kwa mtu aliyedhikishiwa riziki yake, na wafasiri wengi wa Kiislamu wanasoma hapa vivyo hivyo: alidhani hatutamtia katika dhiki. Wanaoamini kwamba manabii wamehifadhiwa na dhambi hawawezi kusoma vinginevyo, na Kiarabu kinawaruhusu. Ndiyo sababu nashauri kila baraza liwe na tafsiri mbili za kila kitabu juu ya mkeka. Zikitofautiana, simameni hapo hapo mtafute neno la asili, kwa sababu hapo ndipo watafsiri walipolazimika kuchagua.

Mfano mzuri kuliko wote wa jambo hilo ni mti.

Kiebrania cha Yona 4:6 kinasema "kikayoni". Wengi wa wachunguzi wa mimea wanaona ni mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, ule wa majani yenye vidole unaoota wenyewe kwenye majalala. Wayahudi waliotafsiri kwa Kiyunani kabla ya Kristo waliandika mumunye. Biblia yetu ya Muungano imeandika mtango. Jerome alipotafsiri upya kwa Kilatini akaandika jina la mmea mwingine kabisa wa kutambaa ukutani, na mwanzoni mwa karne ya 5 askofu Augustino akamwandikia kwamba katika mji wa Oea, ambao leo ni Tripoli ya Libya, waumini waliposikia neno hilo jipya kanisani walifanya ghasia mpaka askofu wa huko akaenda kuwauliza Wayahudi. Kanisa zima lilichafuka kwa ajili ya mmea. Nao hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye kuijua habari yao kwa moyo, wakasikia imeguswa.

Kurani, 37:146, inasema "shajaratan min yaqtin". Wanalugha wa Kiarabu wanasema yaqtini ni kila mmea usiosimama kwa shina, unaotambaa ardhini: mumunye, tikiti, tango. Mtazame mmumunye ulioota kando ya kibanda baada ya mvua za masika. Majani mapana kama kiganja, yenye vinyweleo laini, mkono wake mwembamba unashika boriti na kupanda. Ukikosa cha kupanda, unajilaza mchangani na kufunika kila kilicho chini yake. Sasa rudi kwenye vitabu. Yona wa Biblia, 4:5, amejijengea kibanda na ameketi ndani yake: mmea unapanda juu na kumtia kivuli kichwani. Yunus wa Kurani hana kibanda. Ametupwa ufukweni patupu, mgonjwa, na wafasiri wanasema ngozi yake ilikuwa laini kama kinda lisilo na manyoya: mmea unaotambaa unamfunika pale alipolala. Mmea mmoja, kazi mbili.

Na mwisho wake si mmoja. Wa Biblia unaliwa na buu alfajiri, unanyauka, jua linamchoma Yona mpaka anaomba kufa. Mkulima yeyote wa mumunye anakijua kifo hicho: asubuhi unaona majani yamelegea, unafuata mkono mpaka chini, unamkuta mdudu kwenye shina. Mungu anautumia unyaukaji huo kumuuliza: wewe unauhurumia mmea usioufanyia kazi, mimi nisiuhurumie mji? Wa Kurani haunyauki. Hakuna buu, kwa sababu hakuna hasira ya kurekebisha. Kuna mgonjwa wa kuponywa.

Idadi ya watu nayo imewapotezea watu muda. Yona 4:11 inataja zaidi ya 120,000 wasiojua kupambanua mkono wa kulia na wa kushoto. Kurani inasema laki moja au zaidi. Sioni ubishi unatoka wapi; laki na ishirini elfu ni zaidi ya laki. Tuendelee.

Tumbo la samaki ndipo vitabu vyote vinapokaribiana mno, na ajabu ni kwamba wachache wanaliona. Yona anaomba katika 2:2: "katika tumbo la kuzimu naliomba." Kuzimu, mahali pa wafu. Kurani 37:143 na 144 inasema lau hangekuwa miongoni mwa wanaomtukuza Mungu, angekaa tumboni humo mpaka siku watakapofufuliwa. Mathayo 12:40 inafananisha tumbo hilo na siku tatu za Mwana wa Adamu katika moyo wa nchi. Kwa hiyo Myahudi, Mkristo na Mwislamu wote wanakubali kwamba tumbo lile ni kaburi na kwamba alitolewa humo hai. Wanaachana kwenye hatua inayofuata tu: kwa Mkristo kutoka huko ni ishara ya Kristo, kwa Mwislamu ni ushahidi wa nguvu ya kumtukuza Mungu gizani. Nyangumi wa Mathayo, kwa njia, ni chaguo la watafsiri. Kiyunani kinasema kiumbe kikubwa cha baharini, na Kiebrania samaki mkubwa. Wavuvi wanaouliza kama koo la nyangumi linapitisha mtu wana haki ya kuuliza, lakini kitabu cha Yona hakikusema nyangumi.

Bagamoyo ina tatizo ambalo halijasemwa: mshiriki wa tatu hayupo mkekani. Hakuna sinagogi hapa, na Myahudi anatajwa akiwa hayupo, mara nyingi kwa maneno ya magazeti. Matokeo yake watu wanadhani "Torati" ni jina jingine la Agano la Kale la Wakristo. Sivyo. Torati ni vitabu vitano vya Musa. Yona hayumo Torati. Yumo kwenye Manabii, ndani ya kitabu kimoja cha Manabii Kumi na Wawili. Habari yake ina siku yake: alasiri ya Yom Kipuri, siku ya toba, watu wakiwa katika saa za mwisho za mfungo wa saa 25 bila chakula wala maji, kitabu chote cha Yona kinasomwa kwa sauti. Mwenye kufunga Ramadhani anajua alasiri ile inavyokuwa. Na kuna jambo ambalo walimu wao waliagiza, lililoandikwa kwenye Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya walimu hao, yapata mwaka 200: watu wakifunga kwa sababu ya ukame, mzee wao asimame awakumbushe kwamba haikuandikwa kuhusu watu wa Ninawi "Mungu akaona magunia yao na kufunga kwao", bali "Mungu akaona matendo yao, ya kuwa wameiacha njia yao mbaya." Ni Yona 3:10. Maneno hayo yanafaa mimbari yoyote Ijumaa na madhabahu yoyote Jumapili.

Wakristo nao wana siku zake. Kwa Wakatoliki, Jumatano ya juma la kwanza la Kwaresima husomwa Yona sura ya 3 pamoja na Luka 11. Anayetaka kuusikia mji wa Ninawi ukitubu kwa Kiswahili aende Misheni siku hiyo. Makanisa ya Mashariki, pamoja na ya Ethiopia, yana mfungo wa siku tatu uitwao wa Ninawi, kabla ya Kwaresima kuu. Waislamu hawana siku maalumu ya Yunus, wana dua yake kila siku: La ilaha illa anta, subhanaka, inni kuntu mina dhalimin. Mama anayeuguliwa na mtoto hospitali huisoma. Mvuvi ambaye injini imezimika huisoma. Ukiichambua, ina mambo matatu tu: hakuna ila Wewe, umetakasika, mimi ndiye niliyekosa. Ombi lenyewe halimo. Hakusema nitoe. Dua ya Yona katika sura ya pili ni ndefu, zaburi nzima yenye mwani uliomzunguka kichwa na makomeo ya nchi, nayo vilevile haina neno la kuomba atolewe. Inashukuru kana kwamba ametolewa tayari.

Wapo wanaosema kulinganisha hivi kunapunguza imani. Siioni hatari hiyo. Mwislamu akimaliza usiku huo bado ataamini kwamba Kurani ndiyo neno la mwisho, na Mkristo bado atamwona Kristo katika siku zile tatu. Hakuna aliyeombwa kuacha chochote. Hatari iko kwa anayeogopa kusikia habari ya mwenzake mpaka mwisho, kwa kuwa atabaki anapigana na kivuli maisha yake yote.

Sira, yaani habari za maisha ya Mtume Muhammad, ina mkutano mmoja unaofaa kusomwa kabla ya kuanza. Ametoka Taifu akiwa amepigwa mawe, ameketi kwenye kivuli cha shamba la mizabibu. Mtumwa Mkristo aitwaye Addas anamletea zabibu. Mtume anasema Bismillahi kabla ya kula. Addas anashangaa, watu wa nchi hii hawasemi hivyo. Mtume anamuuliza ametoka wapi. Ninawi. "Mji wa mtu mwema, Yunus bin Matta." Addas anauliza umemjuaje Yunus bin Matta, naye anamjibu: huyo ni ndugu yangu, alikuwa nabii, nami ni nabii. Hawakuanza na wanachotofautiana.

Na mwishoni, msomaji wa Yona akifika 4:11 atajikuta amekatwa. Mungu anauliza kuhusu mji, watu wake na wanyama wengi, na kitabu kinaishia kwenye alama ya kuuliza. Yona hajibu. Barazani nawashauri mnyamaze kidogo hapo kabla mtu hajakimbilia kufafanua. Wayahudi katika Yom Kipuri hawaliachi swali hilo likining'inia: msomaji anaendelea moja kwa moja na Mika 7:18 hadi 20, na mstari mmoja wapo unamwambia Mungu kwamba atazitupa dhambi zao zote katika vilindi vya bahari.